Wahafidhina wa Marekani wanabana matumizi mahali pasipo na fedha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu, na hili lako likiwamo, hulieleza kila mara kwa namna inayonisumbua mimi niliyetumia zaidi ya miaka thelathini nikiandaa hati za malipo na kusimamia kasma za halmashauri. Kila serikali ya Marekani inapofunga ofisi zake kwa sababu Bunge halijaidhinisha matumizi, tunasoma kwamba taifa hilo "limefilisika" au "limeishiwa fedha", na aya chache baadaye tunaambiwa kuwa chanzo ni ukaidi wa wahafidhina wa chama cha Republican wasiowahurumia maskini. Maelezo ya kwanza si kweli hata kidogo. Maelezo ya pili yana ukweli kiasi, lakini yanaacha sehemu ya hoja ambayo mtu yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwaka angependa kuisikia.

Nianze na hilo la kufilisika. Katiba ya Marekani, katika ibara yake ya kwanza, inakataza fedha yoyote kutoka Hazina bila idhini iliyotolewa kwa sheria. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba, na kabla ya siku hiyo Bunge hutakiwa kupitisha miswada kumi na miwili ya matumizi, kazi ambayo tangu utaratibu wa sasa uanze katika miaka ya 1970 imekamilika kwa wakati mara nne tu, ya mwisho ikiwa kwa mwaka wa fedha 1997. Miaka mingine yote huendeshwa kwa sheria ya muda inayoruhusu kila fungu kuendelea kutumia kwa viwango vya mwaka uliotangulia, na hiyo nayo ikikosekana, ofisi hufungwa. Ukiacha waandishi, hata Wamarekani wengi hawajui kwamba desturi hii ya kufunga ofisi si ya kale. Kabla ya mwaka 1980 ofisi ziliendelea na kazi hata miswada ilipochelewa, mpaka Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Benjamin Civiletti, alipotoa tafsiri kwamba sheria ya karne ya 19 inayozuia kutumia fedha isiyoidhinishwa inazuia pia kuwaita watumishi kazini. Sisi huku hatuna mfano wa kulinganisha. Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na Ibara ya 222 ya Katiba ya Kenya inaliruhusu Bunge kuidhinisha sehemu ya fedha kabla bajeti yenyewe haijapita, kwa hiyo mwandishi wetu anapokutana na habari ya ofisi kufungwa kwa kukosa kura, hudhani kwamba kisima kimekauka.

Kisima hakijakauka. Ofisi zilipofungwa kwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025, ambazo zilikuwa nyingi kuliko zote zilizotangulia katika historia yao, kodi iliendelea kukusanywa, wastaafu waliendelea kupata mafao yao, na wenye hati fungani, yaani walioikopesha serikali, walilipwa riba yao kwa tarehe ile ile. Waliokosa mishahara ni watumishi, na hao nao sheria ya mwaka 2019 inataka walipwe malimbikizo yote ofisi zikifunguliwa. Mhasibu akiisoma sheria hiyo huishia kutabasamu kwa uchungu, maana katika jina la kubana matumizi serikali inawalipa watu mshahara kamili kwa siku ambazo iliwazuia kufanya kazi. Ofisi zilipofungwa kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazingerudi kamwe.

Sasa niwatendee haki wahafidhina wenyewe, kwa sababu katika jambo la msingi niko upande wao. Hoja yao ya kale ni nyepesi kueleweka: fedha ya serikali ni jasho la mlipakodi kabla haijawa kitu kingine chochote, na anayeikopa leo kwa matumizi ya kawaida anampelekea ankara mtoto ambaye hajazaliwa wala hajapiga kura. Rais Calvin Coolidge, aliyeongoza kuanzia mwaka 1923 hadi 1929, aliiamini hoja hiyo kwa kiasi cha kukaa mara kwa mara na mkurugenzi wake wa bajeti, Herbert Lord, wakipitia mafungu moja baada ya jingine, na katika enzi hiyo mtumishi wa serikali alipewa penseli moja kwa wakati mmoja na kutakiwa kurudisha kipande kilichobaki ndipo apewe nyingine. Tunaweza kuicheka penseli hiyo, lakini deni la taifa lilishuka kutoka takriban dola bilioni 22 hadi karibu bilioni 17, na kodi zikapunguzwa, kwa mpangilio huo: matumizi yalibanwa kwanza. Dwight Eisenhower, naye wa Republican, alipata ziada, yaani mapato kuzidi matumizi, katika miaka ya fedha 1956, 1957 na 1960, huku akiwakatalia wenzake wa chama waliotaka kodi ipunguzwe kabla hesabu hazijakaa sawa. Huo ndio uhafidhina ambao mimi, nikiwa kijana wa masijala, nilifundishwa na wakubwa wangu bila wao kuuita kwa jina hilo.

Mpangilio huo uligeuzwa. Ronald Reagan aliingia madarakani mwaka 1981 akisema kwamba serikali si suluhisho la tatizo bali ndiyo tatizo lenyewe, akapunguza kodi, akaongeza bajeti ya ulinzi, na alipoondoka mwaka 1989 deni lilikuwa limekaribia kuwa mara tatu ya alivyolikuta. Kuanzia hapo yakawako makundi mawili yanayotumia jina moja: wanaotaka hesabu zilingane, na wanaotaka kodi ipungue hata kama hesabu hazilingani, kwa matumaini kwamba serikali ikinyimwa mapato italazimika kula kidogo. Uzoefu umeonyesha kwamba serikali ikinyimwa mapato hukopa.

Naomba wasomaji wakae kidogo katika mwaka 1990, kwa kuwa ndipo jambo hili lilipoamuliwa. George Bush, baba, alikuwa ameahidi mwaka 1988 mbele ya mkutano mkuu wa chama chake kwamba hatatoza kodi mpya. Miaka miwili baadaye, nakisi, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, ikiwa imemzidi, alikubaliana na chama pinzani cha Democrat kilichokuwa kikiliongoza Bunge: kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikapanda kutoka asilimia 28 hadi 31, matumizi yanayopigiwa kura kila mwaka yakawekewa ukomo wa kisheria, na ikatungwa kanuni kwamba anayetaka kuanzisha mafao mapya au kupunguza kodi lazima aonyeshe fedha ya kufidia itatoka wapi. Mbunge wa Republican, Newt Gingrich, aliongoza uasi ndani ya chama dhidi ya makubaliano hayo, na toleo la kwanza likaangushwa bungeni kabla la pili halijapita. Bush alishindwa uchaguzi wa mwaka 1992, na wahafidhina wakalichukua hilo kama funzo ambalo hawajalisahau hadi leo. Ahadi ya maandishi ya kutopandisha kodi, ambayo mwanaharakati wa kupinga kodi, Grover Norquist, alianza kuwasainisha wanasiasa mwaka 1986, ikawa karibu sawa na kadi ya uanachama.

Lakini tazameni kilichofuata. Ukomo ule na kanuni ile, pamoja na nyongeza ya kodi ya mwaka 1993 chini ya Bill Clinton, kupungua kwa bajeti ya ulinzi baada ya Vita Baridi, uchumi uliokuwa ukikua kwa kasi, na makubaliano ya mwaka 1997 ambayo Gingrich mwenyewe, sasa akiwa Spika, aliyasaini, vilizaa ziada ya miaka minne mfululizo, kutoka 1998 hadi 2001. Haijawahi kutokea tena. Kanuni zile ziliachwa zife mwaka 2002, kodi ikapunguzwa mwaka 2001 na 2003, vita viwili vikapiganwa kwa mkopo, na mwaka 2003 Bunge la Republican likaongeza malipo ya dawa katika bima ya afya ya wazee bila kutafuta fedha ya kuyagharamia. Kwa lugha ya ofisini kwetu, dawa iliyomponya mgonjwa ndiyo aliyoadhibiwa daktari kwa kuitoa, na wanaofanya vita vya bajeti leo ni warithi wa walioadhibu.

Tuje kwenye tarakimu, maana bila hizo tunapiga soga. Katika mwaka wa fedha 2024 serikali kuu ya Marekani ilitumia takriban dola trilioni 6.75 na kukusanya trilioni 4.92; pengo la trilioni 1.83 likazibwa kwa mkopo. Miswada ile kumi na miwili inayofanya ofisi zifungwe ilihusu takriban trilioni 1.8 tu, yaani zaidi kidogo ya robo ya matumizi yote, na karibu nusu ya hiyo ni ulinzi, ambao wahafidhina walio wengi hawataki uguswe. Kilichobaki, ambacho ndicho uwanja halisi wa mapigano, ni kama senti 14 katika kila dola: shule, utafiti, hifadhi za taifa, viwanja vya ndege, mahakama, misaada ya nje. Hata wangelifuta fungu hilo lote usiku mmoja, karibu nusu ya nakisi ingebaki pale pale. Fedha zenyewe ziko kwingine. Mafao ya uzeeni peke yake yalichukua karibu trilioni 1.5, bima ya afya ya wazee na ile ya maskini zikafuata, na riba ya deni ikafika takriban dola bilioni 880, juu ya bajeti nzima ya jeshi kubwa kuliko yote duniani. Matumizi hayo hayasubiri kura ya kila mwaka, yanakwenda yenyewe kwa sheria zilizotungwa zamani.

Nakumbuka halmashauri moja niliyoitumikia, ambayo sitaitaja, ilipoagizwa kupunguza matumizi kwa asilimia kumi katikati ya mwaka. Tulikaa kikao siku nzima. Tukafuta chai ya vikao, tukapunguza dizeli ya gari la idara ya kilimo, tukasimamisha safari za mafunzo, tukaandika taarifa nzuri. Wakati huo huo kulikuwa na mkandarasi wa barabara aliyekuwa akitudai, na riba ya kumchelewesha ilikuwa ikila kwa mwezi mmoja zaidi ya chai yetu ya mwaka mzima. Hakuna aliyemtaja, kwa sababu kumtaja kungemlazimu mkubwa fulani kueleza mkataba. Dawa ya deni ni kulipa, wazee wetu wamesema, lakini chai iko karibu na mkono. Nikisoma vita vya bajeti vya Washington naiona birika ile ile.

Ipo silaha ya pili ambayo magazeti yetu huichanganya na kufungwa kwa ofisi, nayo ni ukomo wa deni, uliotokana na sheria ya mwaka 1917 ya kugharamia Vita vya Kwanza vya Dunia. Ofisi hufungwa kwa kukosa idhini ya kutumia, lakini ukomo wa deni huzuia kukopa ili kulipia matumizi ambayo Bunge lenyewe limekwisha kuyaidhinisha, na matokeo yake yakiachwa yafike mwisho ni kushindwa kulipa madeni, jambo zito kuliko ofisi kufungwa. Nikiri kwamba silaha hii iliwahi kuleta kitu. Mwaka 2011 wabunge wapya waliotokana na vuguvugu la wahafidhina liitwalo Tea Party walikataa kuupandisha mpaka Barack Obama akubali ukomo mpya wa matumizi, na kwa miaka michache matumizi ya robo ile yalibanwa kweli. Gharama yake ilikuwa kwamba tarehe 5 Agosti 2011 kampuni ya kupima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, Standard & Poor's iliishusha hadhi ya mikopo ya Marekani kwa mara ya kwanza, na ukomo wenyewe vyama vyote viwili vikaulegeza mwaka 2013, 2015, 2018 na 2019. Fitch, kampuni nyingine ya aina hiyo, ilifuata kuishusha hadhi hiyo mwaka 2023 na Moody's mwaka 2025.

Walioshikilia msimamo wa kubana matumizi hawakuwavumilia hata viongozi wao. Kevin McCarthy, Spika wa Republican, alipopitisha sheria ya muda kwa msaada wa kura za Democrat tarehe 30 Septemba 2023 ili ofisi zisifungwe, siku tatu baadaye aliondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210, wanane wa chama chake wakiungana na wapinzani, jambo ambalo halikuwahi kumpata Spika yeyote wa nchi hiyo. Mwaka huo huo, mwezi Januari, Donald Trump alikuwa amewaonya wabunge wa chama chake wasikate hata senti moja ya mafao ya uzeeni wala ya bima ya afya ya wazee. Sijui mhasibu gani duniani angeweza kulinganisha hesabu akiwa kati ya maagizo hayo mawili.

Kisha ukaja mwaka 2025, ambao kwa macho yangu ulimaliza ubishi. Elon Musk, aliyekuwa ametamba jukwaani kwamba angepunguza walau dola trilioni 2, aliingia katika serikali mpya ya Trump na shoka, maelfu ya watumishi wakaondolewa, shirika la misaada la USAID likavunjwa, na mwisho wa mwaka wa fedha matumizi yakawa takriban trilioni 7, juu ya mwaka uliotangulia. Mwezi Julai zilisainiwa sheria mbili. Moja, ya tarehe 4, iliendeleza na kuongeza punguzo la kodi na kupandisha ukomo wa deni kwa trilioni 5. Ilikata kwa kina bima ya afya ya maskini na msaada wa chakula, na bado Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba ingeongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Ni wahafidhina wachache, kama Thomas Massie katika Baraza la Wawakilishi na Rand Paul katika Seneti, walioikataa kwa sababu hiyo hiyo ya deni. Sheria ya pili, ya tarehe 24, ilifuta dola bilioni 9 zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa, nyingi zikiwa za misaada ya nje, na ikasifiwa kama ushindi wa kubana matumizi. Kwa kiwango cha riba ya mwaka 2024, bilioni 9 hazitoshi kulipa riba ya deni la Marekani kwa siku nne.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa, na ndiyo sababu sikubali kwamba ni sinema ya wakubwa. Misaada ya nje ilikuwa takriban asilimia moja ya bajeti yao. Mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, uliowaingiza Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda katika nchi zake za kwanza, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, mhafidhina asiyetiliwa shaka. Ulipositishwa pamoja na misaada mingine kwa agizo la Januari 2025, hata kwa muda, wagonjwa na wahudumu wa kliniki ndio waliobaki wakiulizana kama dawa za mwezi ujao zitakuja. Katikati ya Machi mwaka huo matangazo ya Sauti ya Amerika, ikiwamo Idhaa yake ya Kiswahili, yalinyamazishwa. Na sheria ile ya Julai iliweka ushuru wa asilimia moja, kuanzia Januari 2026, kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya Marekani, kwa hiyo ndugu yetu aliyeko Minneapolis au Houston akienda dukani na noti zake kumtumia mama ada ya mjukuu, anachangia. Hakuna kati yetu aliye na kura katika jimbo lolote la Marekani. Tuko karibu na mkono, kama chai.

Najua watakaoniandikia kwamba Democrat nao wanatumia bila kipimo. Ni kweli, na katika ufungaji wa mwaka 2025 wao ndio walionyima kura wakidai nafuu ya bima ya afya iendelezwe, silaha ile ile waliyoilaani mwaka 2013 Republican walipoitumia kutaka sheria ya afya ya Obama inyimwe fedha. Lakini Democrat hawajawahi kuniahidi penseli moja. Waliotoa ahadi hiyo ni wengine, nami nawapima kwa ahadi yao.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mara nyingine mgogoro huu utakapozuka, na utazuka, mwandishi wako aweke ndani ya habari yake tarakimu tatu kabla ya kunukuu mwanasiasa yeyote: jumla ya matumizi, sehemu inayogombewa, na riba iliyolipwa mwaka huo. Nafasi ya mistari miwili inatosha.

Mhasibu mstaafu,
Tanga